Udongo wa Kulalia

Kaburi la mwanangu nililiruka makusudi.

Tulianza na makaburi ya upande wa kanisa, tukateremka mstari kwa mstari kuelekea migombani. Kila tulipofika nilichomeka sindano ya Pua ardhini, nikasubiri ivute pumzi ya huko chini, nikasoma taa. Nyekundu. Tukahamia la pili. Nyekundu tena. Pua ni kifaa chenye urefu wa mpini wa jembe, kazi yake kunusa udongo na kutaja viumbe wanaoishi ndani yake, hata wale wasioonekana kwa macho. Ni mashine yenye adabu. Tulipofika kwenye kaburi dogo lenye msalaba wa bluu, nikalipita kama mtu aliyemwona mgomvi wake sokoni, haikuniuliza kitu.

Aliyeuliza ni Dakta Tuntufye, mkuu wa kituo chetu cha kurejesha mimea. Ni mtu wa Mbeya, mpole kupita kiasi, mwenye tabia ya kukohoa kabla ya kusema jambo zito. Akakohoa.

"Nakijwa, umeruka moja."

"Sijaruka."

"Dada yangu, hili hapa."

"Nimesema sijaruka. Kama unaliona, si una mikono? Pima mwenyewe."

Aliniangalia kidogo, akaitoa Pua mikononi mwangu taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Ndipo aliposoma jina msalabani: Namkunda Elinami. Alijua kwamba nilifiwa na binti, lakini hakujua kwamba amelala hapa Ndolwe, katika makaburi haya haya tuliyoyaombea kibali. Angeweza kuacha. Namshukuru na namlaani mpaka leo kwamba hakuacha. Sindano ikazama. Pua ikavuta pumzi, ikakaa kimya kuliko kawaida yake, halafu ikawasha taa ya kijani ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona ikiwaka.

Mtu mwingine angeshangilia. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye nyasi.

*

Mlangasi ulikuwa kichaka tu. Ukisimama karibu nao ulikufika kifuani, majani yake membamba kama sindano za kushonea, na wakati wa kipupwe ulijifunika maua ya waridi yenye umbo la kengele, kila ua dogo kuliko punje ya mchele. Uliota kwenye kilele cha Ghona na si kwingine popote duniani. Wataalamu waliuweka katika ukoo mmoja na vichaka vya baridi vya milima mingine, ndugu wa mbali ambao bado wapo. Sisi tulioishi chini yake hatukuhitaji wataalamu. Tulijua kwamba ukungu ukipita kileleni, sindano zile huuchana ukawa matone, matone yakashuka mizizini, na mizizi ikatuletea chemchemi.

Wala hatukuuchoma, wala hatukuukata kuni. Tuliumaliza kwa mapenzi. Kwa desturi ya Ndolwe, mtu akifa ndugu zake hupanda Ghona na kikapu, huchimba udongo mweusi chini ya mlangasi, huushona ndani ya kitambaa, na huo ndio mto atakaolazwa nao kaburini. Marehemu mmoja, kikapu kimoja. Vizazi na vizazi mlima haukulalamika. Kisha ikaja homa kubwa, enzi za ujana wa mama mkwe wangu, watu wakafa nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyekubali mzazi wake alale bila mto. Vikapu vikapanda Ghona kama siafu. Mizizi ikabaki nje, juani. Homa ilipokwisha, mlangasi nao ulikuwa unakwisha, na chemchemi zikaufuata moja baada ya nyingine.

Kituo kiliurudisha kutoka kwenye tawi kavu lililobanwa kati ya karatasi mbili katika jumba la makumbusho ughaibuni. Tukasoma vinasaba vyake, tukavipandikiza kwenye mbegu ya ndugu yake wa karibu, na mche ukaota, mlangasi kamili, sindano kwa sindano. Nilipiga vigelegele mpaka walinzi wakaja mbio. Ulipofika urefu wa kidole ukageuka njano, ukafa. Uliofuata nao ukafa. Yote ikafa. Mizizi ya mlangasi ni myembamba kuliko unywele, haijui kujitafutia. Ndani yake huishi kuvu fulani, nalo ndilo linalochimba chakula kwenye udongo mchachu wa mlimani na kuulisha mmea. Tulikuwa tumemfufua mtoto tukasahau titi.

Kuvu hilo halikuhifadhiwa katika maabara yoyote. Likikosa mzizi hujikunja likalala, miaka kadhaa, halafu hufa usingizini. Ni mimi niliyesema siku moja mezani, kikombe cha chai mkononi, kwamba udongo wa Ghona haukupotea, ulihamia makaburini, na huenda kuvu bado limelala humo. Wenzangu wakanisifu, wakasema Nakijwa ana akili.

*

"Chembe iliyovutwa na Pua imekufa," Dakta Tuntufye aliniambia wiki iliyofuata, tukiwa ndani ya banda la miche. "Kuvu hili ukilikata nyuzi zake halipandikiziki. Tunahitaji bonge zima, kama lilivyo."

"Bonge zima ndio mto."

"Najua."

"Na mto uko chini ya kichwa cha mwanangu."

Akakohoa. "Kibali nilichonacho kinaruhusu kufukua kaburi lolote pale. Kwako sitakitumia. Ukisema hapana, nitasema taa ilikuwa nyekundu, nitafunga kituo nirudi kwetu nikalime viazi."

"Bora ungeniamuru."

"Najua hilo nalo, dada. Lakini siwezi."

Nilimchukia kwa ungwana wake. Amri ningeipigia kelele, ningelala mbele ya gari lao, ningeita majirani. Hiari huna wa kumpigia kelele, unabaki nayo nyumbani kama mgonjwa.

Nilirudi kwa miguu nikapita kwenye bomba la mgao. Foleni ilikuwa imefika kwenye kona ya shule. Mtu anaweka kiganja kwenye kioo, bomba linamtambua, linammiminia fungu lake na kujifunga hata kama ndoo haijajaa. Mtoto mmoja alikuwa ameinama akilamba mdomo wa bomba, mama yake akimvuta kwa aibu. Mwanangu naye alikuwa hivyo. Mwaka ule mgao ulikatika wiki nzima, akanywa maji ya dimbwi njiani akitoka shule, homa ya matumbo ikamchukua akiwa na miaka saba. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wazazi waliokuwa kwenye foleni ile walikuwa wanasubiri zamu zao za kuujua.

*

Mume wangu nilimkuta juu ya ngazi, akishona wavu. Nyavu za ukungu zililetwa baada ya chemchemi kukauka: mapazia marefu ya nyuzi zenye umeme kidogo, yaliyosimamishwa mgongoni mwa mlima yachuje ukungu mahali pa mlangasi. Mwanzoni zilitoa maji. Lakini ukungu hukaa penye ubaridi wa majani, na mlima ukishanyolewa, ukungu unapita juu kwa juu bila hodi. Elinami alikuwa fundi wa nyavu zisizonasa kitu, na alizishona kwa bidii ile ile.

"Mama Namkunda," aliniita bila kugeuka, "nyayo zako leo zina neno. Unapanda au nateremka?"

Tuliendelea kuitana hivyo, Baba Namkunda, Mama Namkunda, hata baada ya mwenye jina kuondoka. Hatukuwa na majina mengine ya kuitana.

"Teremka."

Nikamweleza. Alisikiliza akiifungua na kuifunga plaizi yake, anaifungua, anaifunga.

"Makaburi mengine je?"

"Yamekufa yote."

Akacheka kicheko kikavu. "Makaburi yamekufa. Unajisikia unavyosema?"

"Baba Namkunda, chemchemi..."

"Usinifundishe chemchemi. Mimi ndiye niliyembeba kumpeleka zahanati, njia nzima ananiomba maji, na maji ndiyo yaliyokuwa yanamuua. Chemchemi nazijua." Akaitia plaizi mfukoni. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Mkishauchukua mto, yeye atalalia nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Hoja nilikuwa nazo, hoja za watoto walio hai, hoja za maji na za dhamiri, nilizipanga njia nzima kama mwanasheria. Zote zikaniyeyukia mdomoni.

"Nitamrudishia," nikasema. "Mlangasi ukishika, ukishasimama wenyewe, nitachukua udongo chini yake nimshonee mwingine. Nakuahidi. Na yeye namwahidi."

"Utayasema hayo mbele ya mama?"

"Mbele ya mama."

Mama yake, Bibi Nakivona, ndiye aliyeushona mto ule. Msiba ulipotufika, Ghona ilikuwa haina udongo wa kuzungumzia; yeye alipanda peke yake na goti lake bovu, akakwangua kwa kijiko udongo uliosalia kwenye nyufa za mawe, ili mjukuu wake asilale chini kama mbwa. Hakuna aliyelazwa na udongo wa Ghona baada ya Namkunda. Tulimkuta jikoni akichambua maharage. Alitusikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchambua.

"Mnaniuliza au mnaniarifu?"

"Tunakuuliza, mama," nikasema.

"Mkiniuliza, nasema hapana. Sijapata kusikia mtu anamnyang'anya maiti mto. Hata mwizi wa kuku ana haya." Akatupa haragwe bovu nje ya mlango, kuku akaliwahi. "Lakini wakati wa homa, tulipokuwa tunapanda na vikapu, kila mmoja wetu alisema wangu ni kimoja tu, kimoja kitaudhuru nini mlima. Nilisema hivyo kwa baba yangu, nikasema kwa dada zangu wote. Tuliwapenda wafu mpaka tukawaua wazima." Akatafuta haragwe lingine bovu, hakuliona. "Nendeni. Mimi sitasimama pale. Na huo mto uurudishe, Mama Namkunda. Nisikie kwa masikio yangu kwamba umeurudisha, kabla sijafa."

*

Tulifukua asubuhi, jua likiwa limeshatoka, kwa sababu sikutaka mwanangu afunuliwe gizani. Mchungaji aliomba sala fupi akasogea kando. Dakta Tuntufye alisimama mbali na sanduku lake la ubaridi, kofia mkononi. Elinami alichimba mwenyewe, alikataa kusaidiwa, na kila alipoinua chepe aliangalia udongo kwanza kabla ya kuumwaga. Alipolifikia jeneza, ubao ulimeguka mikononi mwake. Akakiondoa kifuniko chote kipande kwa kipande, akapanda juu.

"Shuka wewe," akasema. "Mimi nimefika mwisho."

Nikashuka. Sitaeleza yote niliyoyaona, nitaeleza nywele. Wiki aliyougua nilimsuka twende kilioni, ile ya haraka haraka ya kuwahi shule, akalia kwamba namvuta, nikamgonga na kitana nikamwambia atulie. Mistari ile ilikuwepo bado. Vingine vyote vilikuwa vimeshakwenda zake, lakini kazi ya mikono yangu ilikuwepo, na niliona mstari mmoja umepinda karibu na sikio, nikatamani kuufumua niusuke upya.

Mto ulikuwa mzima. Kitambaa kilikuwa kimeoza lakini udongo ulishikana bonge moja jeusi lenye harufu ya mvua, na pale alipolalia palikuwa na kibonde kidogo. Nikaingiza mkono wa kushoto chini ya kichwa chake, kama nilivyokuwa nafanya nikimnywesha dawa, nikakiinua. Kwa mkono wa kulia nikautoa mto. Dakta aliupokea kwa mikono miwili, akaenda nao kwenye sanduku.

Nikabaki nimekishika kichwa cha mwanangu. Nilijua nikikishusha hakutakuwa na sababu nyingine ya kukishika tena maishani mwangu, kwa hiyo sikukishusha. Sijui nilikaa hivyo muda gani.

"Mama Namkunda," Elinami aliniita kutoka juu. "Mama Namkunda, jua linampiga."

Nilikuja na mbeleko yangu, ile niliyombebea mgongoni, nimeikunja vizuri. Nikaiweka pale palipokuwa na mto, nikakishusha kichwa juu yake. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida, kama mama anayetoka kwenda dukani, "Nakuja sasa hivi."

Siku ile ile Elinami alichukua blanketi lake akahamia kwenye kibanda cha nyavu, mlimani. Hatukugombana. Alisema kitanda chetu kimekuwa kikubwa, na kwamba atarudi siku mto utakaporudi. Nilimfungia mto mmoja wa kitandani kwa kamba, nikampa mama yake ampelekee. Kule juu ni baridi, na yeye shingo yake haikuwa nzima tangu aanguke kwenye ngazi.

*

Kuvu liliamka.

Tulipanda mche ndani ya bonge lenyewe, nao ukapita urefu wa kidole, ukapita wa kiganja, ukakataa kugeuka njano. Mizizi iliingia kwenye udongo ule ikauzunguka mpaka hukuweza tena kusema huu ni mzizi na hili ni bonge. Ulipopata nguvu tuliuhamishia Ghona, tukauzungushia uzio, na miche mingine tukaipanda kuuzunguka ili kuvu litambae kutoka kwake liifikie, kama jirani anavyokwenda kuomba moto kwa jirani. Tuliuita mama. Miche yote mlimani ilikuwa bado inanyonya kwake, na ingeendelea kunyonya miaka mingi.

Kipupwe cha tatu ukatoa maua. Nilifika asubuhi nikaona waridi kwenye ukungu, nikadhani mtu amesahau kanga yake juu ya kichaka. Nikapiga magoti. Yalikuwa madogo kweli, nilikuwa nimeyasoma maisha yangu yote na bado sikujua kwamba ni madogo kiasi kile, na kila kengele ilikuwa na tone la maji linaloning'inia. Chini ya mwamba wa chemchemi ya kwanza jiwe lilikuwa na unyevu. Nikapaka ule unyevu kwenye paji la uso wangu. Nikasema, "Namkunda, ona." Halafu nikalia, maana hakuwa wa kuona.

Habari ziliteremka mlimani kabla yangu. Lakini watu wa Ndolwe hawakusimuliana habari za jiwe lenye unyevu. Walisimuliana kwamba udongo umerudi.

Walikuja na vikapu. Nilipotokeza kwenye lango la uzio kesho yake walikuwa wameshajaa njiani, na niliwafahamu wote. Hakuna nyumba Ndolwe isiyo na marehemu aliyezikwa baada ya udongo kwisha, aliyelazwa juu ya gunia la majani au juu ya ardhi tupu. Mwanamke mmoja alikuja na vikapu viwili, alizika mapacha. Hawakuwa na fujo. Walikuwa wamevaa kama watu wanaokwenda ibadani. Mbele yao alisimama Elinami, ameshika kikapu cha mama yake, kile kile kilichouleta udongo wa mwisho.

"Mama Namkunda."

"Baba Namkunda."

"Umeshika?"

"Umeshika."

"Umechanua?"

"Umechanua."

"Basi nimefuata wa mtoto."

Niligeuka nikautazama mama. Udongo uliokuwa chini yake ulikuwa wa mwanangu, kwa haki yoyote unayoijua duniani. Kikapu kimoja. Nikajisikia nikisema moyoni, kimoja tu, kitaudhuru nini mlima, na nikaitambua sauti ile: ilikuwa ya Bibi Nakivona, ya baba zake, ya kila mtu aliyewahi kupanda njia ile akilia. Ukichimba pale unazikata nyuzi za kuvu. Mama akifa, na watoto wake bado wananyonya, wote wanamfuata. Na hata kama ningechimba kwa kijiko, nikachukua kidogo kabisa, wangu nikamridhisha, yule mwenye vikapu viwili ningemnyima kwa mdomo gani?

"Hauchimbiki, Baba Namkunda. Ukichimbwa unakufa."

"Mwaka kesho, basi."

"Mwaka kesho watakuja wote hawa tena."

"Mwaka keshokutwa. Utakapokuwa mkubwa. Nitasubiri, mimi ni fundi wa kusubiri."

"Mlima huu haujawahi kuvishinda vikapu vyetu," nikasema. "Hata ulipokuwa umejaa."

Akasogea mpaka kwenye waya. Alikuwa amekonda, na ndevu zake zilikuwa zimeingia mvi upande mmoja. "Ahadi ni deni."

"Najua."

"Ulimwambia nakuja sasa hivi. Nilikuwa juu yenu pale, nikakusikia."

Niliweka kiganja changu kwenye kufuli la lango, likanitambua, likajifunga kati yangu na yeye. Halafu nikasema kwa sauti, ili na wa nyuma kabisa asikie:

"Haurudi. Si kwa wangu, si kwa wa mtu yeyote. Leo wala siku nyingine. Anayetaka kunipiga aje anipige."

Hakuna aliyekuja. Ingekuwa nafuu. Yule mama wa mapacha ndiye aliyeanza kulia, kilio cha msiba mpya, wengine wakampokea, na mlima mzima ukalia watu waliozikwa zamani. Elinami hakulia. Aliingiza vidole viwili kwenye tundu la waya akagusa tawi lililokuwa karibu, maua kadhaa yakadondoka, akayatazama kiganjani. Kisha akakiweka kikapu chini, langoni, taratibu, akaondoka.

*

Bibi Nakivona alikuwa ameshaletewa habari nilipofika. Alikuwa kitandani siku hizo, mgonjwa, na alinigeuzia mgongo, akaongea na ukuta.

"Sitasikia, basi," akasema.

"Hutasikia, mama. Nisamehe."

Akavuta shuka mpaka shingoni. "Mimi mkinizika," akasema, "msinitafutie kitu. Kama mtoto hana, mimi ni nani?" Na nilipoinuka kuondoka: "Kwa mumeo umekwenda?"

Nilikwenda kesho yake asubuhi. Ukungu ulikuwa umekaa, kwa mara ya kwanza tangu niolewe Ndolwe niliuona umekaa, mzito, na nyavu zilikuwa zinadondosha maji kwenye mifereji yake iliyopauka kwa jua. Elinami hakuwa ameweka hata ndoo. Nilimkuta ndani ya kibanda, anachemsha chai, akanisogezea kigoda kwa mguu. Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha na niliyapanga maneno, kama kawaida yangu, nikayapanga vizuri.

Halafu nikaona kitanda chake. Ubao, blanketi, basi. Mto niliomtumia ulikuwa unaning'inia ukutani kwenye msumari, vumbi limeujaa, kamba niliyoifunga mwenyewe haijafunguliwa.

"Hukuulalia," nikasema.

"Ningeulaliaje, na yeye hana?"

Alinitazama nilivyokuwa nimeipinda shingo. Nikamwambia wa kwangu uko chini ya sanduku la nguo, niliuweka huko jioni ile tuliyotoka makaburini, na kwamba daktari wa mifupa kila mwaka ananiuliza nalalaje, nami namwambia nalala vizuri.

Elinami akamimina chai ya pili. Nje maji yalikuwa yanaanguka kwenye mifereji mitupu, mengi, sauti ambayo Namkunda hakuwahi kuisikia.

"Basi tuko watatu," akasema, akanisogezea kikombe.